Kiatu cha mguu uliotoa mfupa: fundi wa Katwe baada ya miaka minne

Fundi ninayemwandikia hapa hana kibao wala jina la duka. Kibanda chake kiko Katwe, Kampala, nyuma ya mafundi wa mageti na majiko ya mkaa, mahali ambapo nyundo hazinyamazi mpaka magharibi. Anatengeneza viatu vya watu ambao mguu mmoja haufanani na mwenzake. Mimi ni mteja wake tangu 2021, nimeshachukua kwake jozi tatu za viatu na ndara za kazini. Ninaandika kwa sababu kila ninapokwenda kliniki hukutana na mtu aliyetolewa mfupa mguuni ili atengenezewe taya, au nyama ya mgongoni ili atengenezewe titi, naye anauliza lile lile nililouliza mimi: sasa huku walikotoa, nani anapashughulikia?

Mimi ni fundi cherehani wa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala. Nimekanyaga cherehani ya miguu tangu nina miaka 17. Mwaka 2019 niling'olewa jino la chini, pengo likakataa kufunga. Miezi ikapita, pakawa kidonda, fizi ikavimba, wakakata kipande kidogo wakakipima. Ilikuwa saratani, na ilikwisha kuingia kwenye mfupa wa taya. Oktoba mwaka huo nikafanyiwa upasuaji. Walikata sehemu ya taya iliyougua, na mahali pake wakaweka mfupa kutoka mguu wangu wa kushoto.

Mfupa wenyewe ni ule mwembamba wa upande wa nje, unaoshuka sambamba na mundi kutoka chini ya goti hadi kwenye kifundo. Kwangu walitoa kama sentimita 20, wakaacha kipande juu na kingine cha sentimita 7 hivi chini, kwa kuwa hicho cha chini ndicho kinachoshika kifundo kisiyumbe. Unatoka pamoja na mshipa wake wa damu na kipande cha ngozi, kisha ile mishipa inaungwa na mishipa ya shingoni kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Binti wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) aliyenishughulikia baadaye alinisimulia kwamba daktari wa Australia, Ian Taylor, ndiye aliyeandika mwaka 1975 jinsi alivyouhamisha mfupa huu na mshipa wake, ila yeye aliupeleka kwenye mguu mwingine wa mgonjwa. Wa kuufanya taya ni David Hidalgo wa New York, aliyeiandika kazi hiyo mwaka 1989. Mfupa umenyooka kama rula na taya limepinda, basi anaukata pembe ndogondogo na kuzibana mpaka upinde. Binti aliponieleza nilielewa papo hapo. Ni ule mkunjo mdogo tunaouingiza ubavuni mwa gauni ili kitambaa kilichonyooka kikae kwenye kifua cha mtu.

Mguuni palibaki pengo, na ngozi iliyobaki haikutosha kulifunga. Wakabandua ngozi nyembamba kutoka paja langu wakaipandikiza pale. Kwa hiyo mguu uliziba taya, na paja likaziba mguu.

Hospitali siitaji. Taya walilifanya vizuri, ninakula ugali, ninasoma Yasini kwa sauti na watu wananielewa. Malalamiko yangu ni kuhusu mguu. Nilipouliza niliambiwa neno moja tu: "Mama, mfupa huo hauna kazi kubwa, baada ya wiki sita utatembea." Na kweli nilitembea. Lakini kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni na kutembea kutoka Bombo sokoni hadi nyumbani na kapu la viazi kichwani ni mambo mawili. Kwetu mafundi, ukichukua kiraka kwenye pindo la gauni ili uzibe mbele palipochanika, kazi haijaisha mpaka urudi ulimalize lile pindo. Usiporudi, litaanza kufumuka hapo, tena polepole, mwenye nguo hajui.

Ni kweli mfupa ule haubebi uzito mwingi, uzito wa mwili uko kwenye mundi. Lakini kuna vitu vimeushikilia. Msuli unaokunja kidole gumba cha mguu umeota nyuma ya mfupa huo huo. Mfupa ukiondoka, msuli unakosa pa kujishikiza, halafu kovu linaukaza. Nilikuwa nimeanza mazoezi baada ya kumaliza tiba ya mionzi pale hospitali ya Mulago, Kampala (nashukuru kwamba mimi nilikuta mashine inafanya kazi, mwaka 2016 ile ya zamani ilipoharibika kuna wenzetu waliolazimika kupelekwa Nairobi). Kisha ikaja korona. Tarehe 25 Machi 2020 usafiri wa abiria ukasimamishwa nchi nzima. Hakuna taksi (matatu zetu), hakuna boda ya kubeba mtu, na kutoka Bombo hadi Mulago ni zaidi ya kilomita 30. Nilikaa nyumbani zaidi ya miezi miwili, sikunyoosha kidole inavyotakiwa, na hakuna aliyenionya kwamba hiyo ndiyo miezi ambayo kovu linakaza. Nilipoweza kurudi, kidole gumba kilikuwa kimejikunja kama kinang'ang'ania kitu. Nikiinua kifundo, kinazidi kujikunja. Nikikinyoosha kwa mkono, kinarudi.

Haya ndiyo ninayoishi nayo mwaka wa sita sasa, na nimeona wenzangu wengi wa mguu wanayo mawili au matatu kati yake. Kifundo hakipandi juu kama zamani. Kushuka ngazi ni kugumu kuliko kupanda. Jioni mguu unavimba, ukibonyeza pale juu ya kifundo kidole kinaacha shimo. Asubuhi za baridi, Juni na Julai, mguu huo unakuwa wa baridi peke yake, mwingine uko sawa. Na ganzi: upande wa nje wa mundi na juu ya wayo, hadi karibu na vidole, sisikii mguso ila kama mtu ananigusa juu ya blanketi.

Ganzi ndiyo iliyonifundisha kutafuta kiatu. Natumia pasi ya mkaa, kwa sababu umeme wetu mnaujua. Siku moja Agosti 2020 nilikuwa napiga pasi gomesi, lile gauni letu la sherehe, ya mteja wa harusi, kaa dogo likadondoka kupitia tundu la pasi, likatua juu ya mguu wangu wa kushoto. Sikulisikia. Nilisikia harufu kwanza, nikadhani nimeunguza kitambaa, nikainua pasi kukagua gomesi. Mjukuu wangu ndiye aliyepiga kelele, "Jaja, mguu!" Lilikuwa limeshachimba. Kidonda kile kilichukua wiki saba kupona. Hadi leo alama ipo, duara dogo lenye rangi ya maziwa.

Baada ya hapo nikaanza kununua viatu. Duka moja la mjini, zuri, lenye kioo na kiyoyozi, liliniuzia kiatu cha tiba kwa shilingi 420,000. Muuzaji hakuutazama mguu wangu, aliuliza namba. Soli yake ilikuwa laini kama godoro, na hilo ndilo alilolisifia. Mguu usio na nguvu ya kujishika ukiuweka juu ya kitu laini unayumba, na mimi niliyumba kwa miezi mitatu mpaka nyonga ikaanza kuuma. Baadaye nikapata raba za mivumba (mitumba) katika soko la Owino kwa shilingi 45,000, zenye soli ngumu iliyonyanyuka mbele, nazo zilinisaidia kuliko kile cha 420,000. Nasema hivi kwa aliye na pesa kidogo: kabla hujaenda popote, nenda Owino, shika raba kwa mikono miwili uikunje. Ikikunjika katikati kama kitambaa, iache. Ikunjike mbele tu, penye vidole, na hata hapo isikunjike kirahisi. Kisha bonyeza nyuma penye kisigino, pawe pagumu.

Kwa huyu wa Katwe nilielekezwa na mzee mmoja wa Arua tuliyekuwa tunakaa naye foleni ya fiziotherapia. Fundi ni Mkongo wa Bukavu, mtu mzima, mpole. Alijifunza kazi kwao, katika karakana ya kutengenezea viatu watu waliopooza miguu kwa polio. Anaongea Kiswahili cha huko, na kwa sisi wa Bombo ambao Kiswahili tumekikuta kwenye kambi ya jeshi na nyumbani, tunaelewana bila shida.

Siku ya kwanza sikupimwa kiatu kwanza. Alivuta kigoda, akakaa chini yangu, akasema, "Mama, toa na soksi. Muguu haina haya." Nikatoa. Akautazama muda mrefu bila kuugusa. Kisha akaniomba nitembee hadi kwa jirani anayechomelea mageti na kurudi, mara tatu, yeye anatazama visigino tu. Niliporudi akabonyeza ukucha wa kidole gumba cha kushoto mpaka ukafifia, akauachia, akahesabu kimoyomoyo rangi irudi. Akafanya hivyo kwenye mguu wa kulia pia. Akaniuliza kama kuna daktari aliyepima damu inavyoshuka mguuni baada ya upasuaji. Nikasema sijui. Akaniambia hatachukua pesa yangu mpaka nikapime.

Hilo lilinigusa kuliko kitu chochote alichonishonea. Chini ya goti mguu una mishipa mitatu mikuu ya kupeleka damu kwenye wayo, na mmoja kati yake ndio ulioondoka na mfupa wangu. Ndiyo maana kabla ya upasuaji huu madaktari hupima, kwani kuna watu waliozaliwa wayo wao unautegemea huo mmoja kuliko yote. Mtu aliyebakiwa na miwili, tena wa umri wangu, si wa kubanwa na kiatu wala soksi bila kujulikana damu yake ikoje. Fundi wa kibandani aliyajua haya, na duka la kioo halikuuliza. Nilikwenda, nikapimwa kwa kile kifaa kinachosikiliza damu, mishipa miwili iliyobaki ikasikika vizuri. Nikarudi kwake na karatasi.

Kipimo chenyewe anakichukua kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, upande wa ndani. Anachora mguu mara mbili, ukiwa umekaa na ukiwa umesimama. Nilipotazama ile michoro miwili ya kushoto niliona mwenyewe, kama fundi ninayesoma vipimo kila siku: nikisimama, mguu unatanuka kwa nje karibu sentimita moja na nusu, na kidole gumba kinarudi nyuma. Wa kulia haukubadilika hivyo. Tena alinitaka nije kupimwa saa tisa alasiri, mguu ukiwa umeshavimba. Kiatu kilichopimwa asubuhi, alisema, jioni ni pingu.

Sasa kiatu. Kwa nje ni kiatu cheusi cha ngozi cha kufunga kamba, huwezi kujua kina nini. Soli yake imepinda kama tumbo la mtumbwi. Ukikanyaga kisigino, kiatu chenyewe kinabingirika kukupeleka mbele. Mtu mwenye miguu yenye afya husukuma ardhi kwa kidole gumba anapoinua mguu, na mimi kidole hicho hakisukumi wala hakikunjuki, basi soli inafanya ile kazi. Kisigino kimeinuliwa kidogo, kama nusu inchi, kwa sababu kifundo changu hakipandi. Nyuma kuna ngozi ngumu inayoshika kisigino pande zote mbili. Upande wa nje soli imeongezwa upana ili mguu usijipindue. Mbele ndani kuna nafasi ya juu kwa kidole kilichokunjamana, na chini ya ncha yake kuna kipande cha sponji ngumu chenye shimo, kwa kuwa ncha ile ilikuwa inaota sugu kwa kusugua. Na ulimi wa kiatu ni wa ngozi mbili, mpana, unafunika juu ya wayo wote. Nilipomsimulia habari ya kaa la pasi hakusema kitu, aliandika tu, na kiatu kilipotoka nikauona ulimi ule.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Soli ya mtumbwi inataka ujifunze kuiamini. Ukisimama pahali pamoja unahisi kama unataka kwenda mbele. Nilitumia fimbo. Wiki ya tatu nilitoka Old Taxi Park hadi Nakasero kununua vitambaa, nikapanda kile kilima, nikarudi, na nilipokaa kwenye taksi ya Bombo nikagundua kwamba sikuwa nimetafuta mahali pa kuegemea hata mara moja. Nyonga iliacha kuuma mwezi wa pili.

Lakini kwenye cherehani kiatu hicho hakifai kabisa. Kanyagio la cherehani linataka wayo mzima ulale juu yake, kisigino kishuke, vidole vishuke, kisigino kishuke. Soli iliyopinda inacheza juu ya chuma na huwezi kuongoza mshono. Nilijaribu nikaharibu kola mbili. Nikarudi Katwe nikamweleza, na yeye akafunga kibanda akaenda kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili kukaa kwenye kanyagio mwenyewe na kuona linavyokwenda. Akanitengenezea ndara za kazini: soli bapa, mkanda mpana wa kushika kisigino, na kifuniko cha ngozi juu ya wayo. Kisigino cha kushoto kimeinuliwa. Kwa ndara hizo nashona saa nne bila kupumzika, zamani nilikuwa nashona nane. Kazi ambayo kifundo hakifanyi sasa inafanywa na paja, na paja linachoka. Hilo hakuna fundi wa kulirudisha.

Na kuna mahali ambapo kiatu hakiingii. Ndani ya nyumba tunavua, msikitini tunavua. Kwenye sijida vidole vinatakiwa vielekee kibla vikiwa vimekunjuliwa, changu hakikunjuki. Kwenye tahiyatu ninaukalia mguu wa kushoto, na upande wake wa nje, penye ngozi ya kupandikizwa, ndio unaolala kwenye mswala. Ngozi ile ni nyembamba, chini yake hakuna nyama, mara mbili ilichubuka. Sasa naswali kwenye kiti. Najua dini imetoa ruhusa na ninaipokea kwa shukrani, lakini nililia siku ya kwanza nilipobebewa kiti, na ningependa aliyeniambia "mfupa huo hauna kazi kubwa" alijue na hilo.

Kasoro za fundi mwenyewe nazitaja kama zilivyo. Aliahidi wiki mbili, jozi ya kwanza ilichukua tano. Anafanya peke yake, na asipopata ngozi nzuri anasubiri, hatumii mbovu. Kwa jozi ya kwanza mshono wa kushoto uliachia mwezi wa nne, baada ya mvua za Bwaise ambazo sote tunazijua, taksi ilituteremsha kwenye maji. Aliurudia bure kwa uzi mnene uliopakwa nta, haukuachia tena. Viatu ni vizito. Rangi ni nyeusi au kahawia basi. Na kufika kwake kuna mtaro na ngazi tatu za mawe zisizo na pa kushika. Kwa mtu mwenye mguu kama wangu hiyo ni shida kubwa, nenda na mtu. Jozi ya kwanza nililipa shilingi 160,000, ya 2023 nikalipa 190,000, ndara 70,000. Jozi inakaa karibu mwaka na nusu kwa ninavyotembea mimi, na soli alinibadilishia kwa 40,000.

Kuna vitu viwili vingine ninavyovitumia pamoja na kiatu, navitaja kwa sababu vinauzwa sana na watu wanavinunua vibaya.

Soksi ya kubana: ya kwanza niliinunua famasi moja bila kupimwa, ikanikata nyuma ya goti hadi nikawa na alama. Soksi hii hupimwa kwa utepe, kifundoni, kwenye shavu la mguu, na urefu. Huvaliwa asubuhi kabla hujashuka kitandani, mguu haujavimba. Nafua kwa mkono, naanika kivulini, na baada ya miezi sita hivi mpira wake umechoka hata kama kitambaa kinaonekana kipya. Ikivaliwa na kile kiatu, jioni mguu wangu unaingia kwenye kiatu ulichotokea asubuhi. Lakini damu ipimwe kwanza, narudia, kwa sisi tuliopungukiwa mshipa.

Plasta ya silikoni ya makovu: niliiweka pajani, mahali walipobandua ngozi, kwa kuwa ukingo mmoja ulituna na kuwasha hadi usiku silali. Ngozi zetu nyeusi zina tabia hiyo ya kovu kupanda. Plasta huvaliwa saa 12 au zaidi kila siku kwa miezi, huoshwa na kurudishwa. Haiwekwi kwenye kidonda kibichi. Moja ilinigharimu 65,000 na ilikaa kama miezi miwili. Kutuna kulipungua, kuwasha kuliisha, rangi haikubadilika. Paja bado lina mraba mweusi kuliko pengine. Kwa joto letu inatoa jasho na vipele, nilikuwa naivua mchana na kuivaa usiku kucha. Ile ngozi iliyopandikizwa mguuni haihitaji plasta, inahitaji mafuta, kwa sababu haitoi jasho wala mafuta yake yenyewe. Napaka mafuta mazito bila manukato asubuhi na usiku, inakaa bila kupasuka.

Na mazoezi hayauzwi. Binti wa fiziotherapia alinipa matatu ambayo bado nafanya: kunyoosha kidole gumba kwa mkono huku goti limenyooka na kifundo kimeinuliwa, kuokota vitambaa sakafuni kwa vidole vya miguu (kwangu vitambaa havikosi), na kusimama kwa mguu wa kushoto mmoja nikishika meza. Kidole hakikunyooka chote, lakini kimetoka pale kilipokuwa. Aliyefanyiwa upasuaji mwaka huu asingoje kama nilivyongoja, aulize juu ya kidole hicho kabla hajatolewa hospitalini.

Wenzangu wa titi wananiuliza kama fundi huyu anawafaa. Kiatu hapana. Lakini dada mmoja wa Luwero aliyetolewa msuli wa mgongoni, ambaye hawezi kuvuta ndoo kisimani wala kujisukuma kutoka kwenye kiti, alikwenda kwake, fundi akamtengenezea mkanda mpana wa ngozi wa kuvaa begani unaoshika jerikani, mzigo ukahamia upande usioguswa na upasuaji. Anausifu. Mimi sijauvaa, nasema nilichokiona.

Nampa nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu nimeishika kwa ajili ya zile ngazi. Ukienda, nenda siku ya kazi baada ya saa nane mchana, umeshatembea kidogo, na karatasi ya kipimo cha damu mkononi. Uliza kwa wachomeleaji fundi wa viatu Mkongo, watakuonyesha. Na chukua kiatu chako cha zamani ulichokivaa sana, hata kama kimechakaa. Usikioshe, usibadilishe soli. Anakigeuza juani, anapitisha kidole gumba pale palipolika, na hapo ndipo anapoanzia.